Kitufe chekundu cha pambo

Juzi, kusi likiwa limekaza, nahodha mmoja wa Mikindani ninayemheshimu sana alinionyesha redio mpya ya chombo chake. Ameifunga kwa kipande cha kanga isipate chumvi. Akaifunua taratibu, akainua kifuniko kidogo: kitufe chekundu. "Nikizama nabonyeza hiki, Dar wananisikia."

Nikamwomba aiwashe. Skrini ikadai namba. Namba gani? Hana, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa inahitajika. Duka lilimpa risiti, kofia na kalenda.

Jamani! Bila ile namba ya tarakimu 9 inayokitambulisha chombo, MMSI (za Tanzania zinaanza na 674 au 677), kitufe kile hakirushi kitu. Ni pambo, kama ua la plastiki sebuleni. Namba ikiwemo, unakishikilia kitufe sekunde tano hivi, na chaneli ya 70, ya miito ya dharura isiyo ya sauti, inatangaza wewe ni nani, na kama GPS imeunganishwa, uko wapi hasa. Asipojibu mtu, redio inarudia yenyewe kila baada ya dakika nne hivi. Wewe unakumba maji kwa ndoo, huku umemkumbatia mtoto wa abiria. Mashine inakuitia watu. Chaneli ya 16, ile ya sauti, inakutaka uongee, utaje ulipo, upepo unakupokonya maneno mdomoni. Nani hapo atakumbuka latitudo?

Na Dar haikusikii, mzee wangu. Redio hii ni VHF, ya masafa mafupi; haifiki huko. Atakayekusikia ni meli iliyo jirani, kama zile zinazokuja Mtwara kubeba korosho. Hizo zinasikiliza chaneli ya 70 usiku na mchana.

Haya, nakubali: wengine wakipewa namba watabonyeza kwa kujaribu tu, na kengele za uongo zinachosha watu. Kifuniko kiliwekwa kwa sababu hiyo. Nanyi wa "si tuna simu", nendeni Msimbati. Ufukwe bado mnauona, simu inawakaribisha Msumbiji.

Ninachodai ni kimoja: redio isitoke dukani bila namba yake ndani. Laini ya simu ya kupigia umbea tunasajili kwa alama za vidole. Redio ya kuokolea roho inauzwa kama sufuria.

Nilipomweleza, nahodha alishusha kifuniko, akaizungushia redio kanga yake, akafunga fundo.

"Kwa hiyo mwanangu, miezi minne hii abiria nilikuwa nawadanganya?"