Oda Zikiongezeka, Nani Huongezwa Mshahara?

Kila nikipiga simu nyumbani Mombasa lazima niulizwe: mbona huko Ujerumani mfanyakazi wa kiwandani anajenga, na binamu yako ameshona suruali za Marekani miaka nenda miaka rudi, bado yuko chumba cha kupanga Mikindani? Si wote mwauza nje? Wengine hujijibu kwamba Wazungu wana pesa. Jibu hilo silikubali.

Tazama kiwanda cha nguo cha EPZ (eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje) pale Changamwe. AGOA, sheria ya Marekani ya kufungulia bidhaa za Afrika soko lake, ilipoanza mwaka 2000, nguo zetu zilifunguliwa soko la Marekani bila ushuru, hata kitambaa kikitoka China. Basi sehemu kubwa ya thamani ya suruali imeshalipiwa kabla kontena halijateremshwa Kilindini. Kinachobaki kwetu ni kukata, kushona na kupiga pasi. Binti anayeshona mfuko wa nyuma tu, kutwa nzima, akilalamika mshahara, langoni wapo wengine wanaongoja kuitwa. Lakini anayeshughulikia oda za mnunuzi, fundi anayeifungua mashine ikikwama, mkaguzi ambaye akikataa mzigo hausafiri: hao hubembelezwa. Oda zikiongezeka, wao huongezwa mshahara. Wa laini ya kushona huongezewa tageti.

Hapa kiwandani Stuttgart, Ujerumani, pia pengo lipo, tusidanganyane. Injinia ananizidi mbali, na vibarua wa wakala ndio wa kwanza kuambiwa kwaheri kazi ikipungua. Ila mshahara wangu hakuupanga supavaiza. Chama cha wafanyakazi cha IG Metall kilikubaliana na waajiri wa jimbo madaraja 17, na nyongeza ikipatikana inamfikia hata wa daraja la kwanza, la chini kabisa. Kampuni kubwa ikipita wafanyakazi 2,000, nusu ya viti vya bodi ya usimamizi ni vya wafanyakazi (kura zikilingana, ya kuamua anayo mwenyekiti, na huyo kwa kawaida ni wa wenye hisa, lakini angalau wamo chumbani).

Ndiyo maana huniudhi wanasiasa wakihesabu ajira za EPZ na kunyamazia za aina gani. Binamu yangu husema afadhali hiyo kuliko kufulia watu nguo Nyali, na ni kweli. Lakini mashine ile anaijua kwa mlio, na mpaka leo hakuna aliyemfundisha kuifungua. Mwekezaji anasamehewa kodi ya mapato miaka 10. Mimi ningeufunga msamaha huo kwa sharti: wa laini wafundishwe ufundi, na mishahara ijadiliwe na chama chao kwa sekta nzima, si kiwanda kimoja kimoja.