Kocha wa Mashambulizi Katua, na Mimi Naambiwa Nisubiri

Haya, wametuletea kocha wa mashambulizi. Wa ng'ambo. Kashuka kwenye ndege na kompyuta mbili na miwani ya jua, waandishi wakamuuliza anaionaje timu yetu ya taifa ya raga, akajibu ina vipaji vingi. Jamani, kila kocha mgeni anayeshuka popote duniani husema timu ina vipaji vingi. Hajatokea hata mmoja akasema, "Nimetazama mechi zenu zote, hali ni mbaya, nimefuata mshahara." Akitokea huyo, mimi nitamkata tiketi ya kwanza.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na wageni. Ugomvi wangu ni na benchi. Zamani timu ilikuwa na kocha mmoja, filimbi moja na mzee wa kubeba maji. Leo kuna kocha mkuu, kocha wa ulinzi, kocha wa skramu (ule msukumano wa vichwa chini), kocha wa lainiauti (ule urushaji wa mpira uliotoka nje), kocha wa mateke, kocha wa viungo, na yupo mwingine ambaye kazi yake ni kufundisha watu namna ya kuangukiana juu ya mpira. Wote wamevaa vinasa sauti. Kamera ikiwamulika utadhani wanaongoza ndege. Na bado mpira unamponyoka mtu mikononi mita tano kutoka kwenye mstari wa kufungia, kama ulivyoponyoka enzi za filimbi.

Nyumbani kwangu tunaye mtaalamu wa haya mambo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kukaa siku mbili tatu na sasa ana funguo zake. Hana kazi, lakini ana maoni. Siku kocha alipotangazwa akazima sauti ya televisheni, akasimama mbele yetu sote, mimi, dada yake, watoto na mama mkwe, akasema, "Sasa mtaona 1-3-3-1."

Nikadhani ni namba ya siri ya benki. Kumbe ni mafowadi, wale wanene wa kusukumana mbele. Wako wanane, sivyo? Basi mmoja unamweka pembeni kabisa kushoto, mmoja pembeni kulia, na katikati unapanga vikundi viwili vya watatu watatu. Mpira ukitoka, kikundi cha kwanza kinaubeba na kuwagonga wapinzani, cha pili kinajipanga, na namba kumi, mpanga mchezo, anakaa nyuma yao anachagua: ampe fowadi agonge, au aupitishe nyuma ya migongo yao uende kwa mabeki. Wapinzani hawajui nani atakayeupata. Wengine hucheza 2-4-2. Shemeji alituchorea kwa maharage mezani, na mke wangu akamwambia akimaliza ayarudishe kwenye kopo.

"Na pale mpira ukiwa chini," akaendelea, "utoke kabla ya sekunde tatu. Ukikaa zaidi, ulinzi umeshajipanga, umekwisha." Sekunde tatu! Huyu ni mtu anayekaa bafuni mpaka sabuni inakata tamaa.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Halafu akauliza, "Mwanangu, hawa wanataka kwenda mbele?" Shemeji akasema ndiyo, mama. "Mbona kila mmoja anamrushia wa nyuma yake?" Shemeji akaanza kueleza kwamba ndiyo sheria ya mchezo, kutupa mbele ni kosa. Mama akatikisa kichwa. "Na huyo mzungu amelipwa kuja kutatua hilo?" Ndugu zangu, nimefuatilia raga miaka mingi na sijasikia mtu akiifafanua kazi ya kocha wa mashambulizi vizuri kuliko hivyo.

Basi nikaona nisilale mjinga, nikaenda kuchunguza hawa makocha wageni. Kombe la Dunia la wanaume limechezwa mara 10, tangu 1987 hadi 2023, na hakuna hata moja lililobebwa na timu yenye kocha mkuu mgeni. Hata moja! Nikamrukia shemeji na hilo asubuhi, kabla hajanywa chai. Akacheka. "Umesema kocha mkuu, shemeji. Tazama waliokaa nyuma yake." Nikatazama. Afrika Kusini 2007, kwenye benchi alikuwepo Eddie Jones, Mwaustralia, mshauri. Afrika Kusini 2019, kocha wao wa mashambulizi aliondoka wiki chache kabla ya mashindano, wakamvuta Felix Jones kutoka Ireland, wakabeba kombe. Mwaka 2023 alikuwepo tena, wakabeba tena. "Na wanawake?" akaniongezea chumvi. Uingereza 2025, mabingwa wa dunia, kocha mkuu John Mitchell, mtu wa New Zealand. Nikanywa chai yangu kimya.

Lakini anayeniumiza kichwa ni Tony Brown. Huyu ni Mnyuzilandi, aliyewahi kuvaa namba kumi ya taifa lake. Aliwasaidia Wajapani mpaka wakafika robo fainali 2019, wakizipiga Ireland na Uskoti njiani. Halafu 2024 akaenda Afrika Kusini kufundisha mashambulizi. Afrika Kusini! Watani wa jadi wa kwao! Na Septemba 2025 Afrika Kusini wakaenda Wellington wakaichapa New Zealand 43-10, kipigo kizito kuliko vyote ilivyowahi kupata. Mimi najiuliza mambo madogo tu. Akienda likizo, hao majirani wanamwambiaje? Mama yake anamwekea chakula? Mimi niliwahi kushangilia timu ya mtaa wa pili na mpaka leo kinyozi wangu ananikata upande mmoja kwa hasira.

Kuna na Mike Catt. Huyu kazaliwa Afrika Kusini, kachezea Uingereza, kafundisha Italia, kisha akawa kocha wa mashambulizi wa Ireland walipozifunga timu zote tano kwenye Mataifa Sita, mashindano ya Ulaya, 2023. Nyimbo za taifa zikipigwa, sijui huwa anafungua mdomo kwenye upi. Na ndiye yule yule Jonah Lomu wa New Zealand aliyempitia juu ya kifua kwenye nusu fainali ya 1995 pale Cape Town, akaenda kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari, kana kwamba hakukanyaga mtu. Shemeji anasema hiyo haina uhusiano na ukocha. Inao! Mtu aliyeyaona mashambulizi kutoka chini, na njumu zikimpita usoni, ana elimu ambayo haipatikani darasani.

Ila kisa ninachokipenda ni cha Brighton, 2015. Japani na Afrika Kusini. Kocha wa Japani ni Eddie Jones, yule yule, mtu aliyewaamsha wachezaji alfajiri miezi na miezi kuwafundisha kushambulia. Dakika za mwisho, Japani wako nyuma kwa pointi tatu, wanapewa penalti. Wakipiga teke wanapata sare na Afrika Kusini, jambo la kusimulia wajukuu. Eddie huko juu anapiga kelele redioni: chukueni tatu, chukueni tatu! Nahodha Michael Leitch anachagua skramu. Eddie, kwa maelezo yake mwenyewe, akaibamiza redio. Mpira ukatoka, ukaenda kulia, ukarudi kushoto, mchezaji wao Hesketh akatua nao pembeni kabisa, trai. 34-32. Shambulio tamu kuliko yote, na limetokea kwa sababu kocha hakusikilizwa. Nikamwambia mke wangu hii ndiyo hoja yangu: walipeni hawa wageni, lakini betri za redio tutoe. Akasema hiyo siyo hoja, hayo ni maharage tena, na nimsaidie kuosha sufuria.

Turudi kwetu. Mechi ya kwanza ya kocha mpya tukafungwa. Nikasema sawa, mgeni. Ya pili tukafungwa, tena bila trai hata moja, na mpira tuliopewa tuucheze kwa mikono tukawa tunaupiga mateke. Mateke! Kocha wa mashambulizi! Shemeji akaruka na kueleza: siku hizi kupiga teke ni shambulio, tangu 2021 ukiupiga mpira kutoka nusu yako, ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya mita 22 za mwisho za wapinzani, lainiauti inakuwa yako. Kwa hiyo beki wao mmoja wa mbele lazima arudi nyuma kulinda, na pale alipotoka pana uwazi. Maelezo mazuri. Tatizo ni kwamba mateke yetu yalikuwa yanatua moja kwa moja mikononi mwa yule aliyerudi nyuma. Tulikuwa tunampelekea mzigo.

Baada ya mechi kocha akahojiwa. Akasema matokeo hayaakisi kazi iliyofanyika, timu iko kwenye mchakato, mfumo unachukua muda, kilichokosekana ni utekelezaji. Na watu wakaitikia kwa kichwa! Yule kocha wetu wa zamani, kijana wa hapa hapa, alipofungwa namna hiyo hiyo aliulizwa kama ana haya.

Na hapo ndipo maradhi yalipoingia nyumbani kwangu. Mwanangu wa kiume akaleta ripoti ya shule. Hesabu, chini ya mstari. Nikamkazia macho. Akanitazama bila hofu, akasema, "Baba, alama haziakisi kazi iliyofanyika." Nikamgeukia mama yake. Mama yake akasema mtoto abadilishiwe mfumo, ninamjaza presha. Kazini nako, bosi akatuita kikao, akasema mshahara mwezi huu utachelewa lakini tusiangalie matokeo, tuangalie safari. Safari ya wapi, bwana mkubwa, na nauli unayo wewe? Shemeji nikamuuliza kwa upole lini anafikiria kupata kazi. Akaweka mkono begani mwangu: "Shemeji, huu ni mradi wa Kombe la Dunia 2027." Kombe lenyewe liko Australia! Yaani niendelee kumlisha mpaka mpira wa mwisho upigwe huko, halafu tufanye tathmini!

Nikasema hebu na mimi nijaribu. Mke wangu alinituma nirekebishe mlango wa kabati. Jioni akauliza vipi. Nikamwambia nimeona dalili nzuri, nimeshapanga zana, kilichobaki ni utekelezaji. Alinitazama tu. Kumbe mchakato ni wa watu wenye mkataba. Sisi wengine tuna mpaka saa kumi na mbili jioni.

Juzi tukacheza tena. Sebule imejaa, mama mkwe kwenye kiti chake, shemeji amesimama kama kawaida. 1-3-3-1 ikaanza. Kikundi cha kwanza kikagonga, kikarudishwa nyuma. Cha pili kikagonga, kikarudishwa nyuma zaidi. Namba kumi akaupitisha mpira nyuma ya migongo kama ilivyo kwenye maharage, ukamkuta refa. Nikaanza kutafuta viatu nitoke nje nipunge upepo. Dakika za lala salama tukapata penalti, tukautoa nje karibu na kona, lainiauti ikawa yetu, jamaa mrefu akanyanyuliwa akaudaka, na hapo mafowadi wote wakasahau hesabu zao. Wakakusanyika wakawa kitu kimoja, wakainamisha vichwa, wakasukuma moli, lile kundi lililomzunguka mwenye mpira, kwa hatua fupi fupi, wapinzani wanateleza, wanateleza, mpaka lote likaanguka ng'ambo ya mstari. Trai! Tumeshinda!

Nyumba nzima ikasimama. Shemeji analia: "Mfumo! Mmeuona mfumo?" Kamera ikaenda moja kwa moja kwa kocha wa mashambulizi, miwani imemkaa vizuri, anakumbatiwa na kocha mkuu, kocha wa ulinzi, kocha wa mateke, mwenyekiti wa chama, na mtu mmoja mwenye suti ambaye hata hajulikani ameingiaje. Pembeni yao mwisho wa benchi ameketi jamaa mmoja mnene, anaandika kwenye daftari.

Mama mkwe akanyoosha kidole. "Na yule ni nani?"

"Yule ni wa mafowadi, mama," shemeji akasema, macho bado kwa mgeni. "Ndiye anayewafundisha kusukuma."

"Si ndiko wamefunga kwa kusukuma? Mbona hawamkumbatii?"

"Aah, yule ni wa hapa hapa."