Kila kifafanuzi kina mwenyewe: acha Kiswahili chako kikusahihishie Kiingereza

Kuna sentensi ya Kiingereza inayojirudia sana katika barua za kuomba kazi, na kila ninapoikuta huumia kwa niaba ya aliyeiandika: "Having worked as an accountant for six years, your company will benefit from my experience." Mwombaji alitaka kusema kwamba yeye amefanya kazi ya uhasibu kwa miaka sita. Alichokiandika ni kwamba kampuni ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Sarufi ya Kiingereza huyachukua maneno yale ya mwanzo, ambayo ni kifafanuzi, yaani maneno yanayoeleza zaidi neno jingine, na kuyakabidhi kwa kiima kinachofuata baada ya mkato, na kiima hapo ni "your company". Msomaji wa barua atamwelewa, sina shaka. Ila ataelewa baada ya kusita kidogo na kurudi nyuma, na mtu mwenye rundo la barua mezani hapendi kurudishwa nyuma.

Walimu wengi hulitaja kosa hili kama uzembe. Nakataa. Aliyeandika alikuwa anafikiri sawasawa kabisa, isipokuwa alikuwa anafikiri kwa Kiswahili: "Kwa kuwa nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka sita, kampuni yenu itanufaika na uzoefu wangu." Hapo huwezi kutoa kasoro. Ile "ni-" iliyo mwanzoni mwa "nimefanya" imeshamtaja mtendaji, na sentensi kuu iko huru kuanza na kampuni, na mkurugenzi, na chochote kile. Akishavuka kuingia Kiingereza, "having worked" haina pa kuiweka ile "ni-". Kitenzi cha namna hiyo hakina mtu ndani yake, kwa hiyo humwazima kutoka kwenye kiima cha sentensi kuu. Ukikiwekea kampuni pale, kitaichukua kampuni.

Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ama umrudishe mtendaji kwenye kiima, "Having worked as an accountant for six years, I can bring your company that experience", ama ukivunje kile kishazi na kukipa kiima chake chenyewe, "Because I have worked as an accountant for six years". Mimi huipendelea ya pili, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na namna Mswahili anavyofikiri, na haimlazimu mtu kuipinda sentensi nzima kwa ajili ya maneno machache ya mwanzo.

Maoni yangu kuhusu jambo hili ni mamoja: tunafundishwa vifafanuzi vya Kiingereza kwa njia isiyotufaa. Tunapewa orodha ya aina za makosa, kila aina na jina lake, tunaikariri, tunafaulu jaribio, kisha tunarudi kuandika vilevile. Wakati huohuo lugha tunayoiongea tangu utotoni ina chombo kikali cha kuyanasa makosa haya, na darasani tunaambiwa tukiache mlangoni.

Chombo hicho ni upatanisho wa ngeli. Chukua "viti vya wazee vilivyopakwa rangi jana". Hakuna mtu duniani anayejua Kiswahili atakayedhani wazee ndio waliopakwa rangi. "Vilivyo-" imefungwa kwenye "viti", hata kama "wazee" wamekaa katikati. Sasa andika kwa Kiingereza, neno kwa neno: "the chairs for the old men painted yesterday". Wazee wamepakwa rangi. "Painted" haina alama yoyote ya kuonyesha ni ya nani, na Kiingereza kinapokosa alama hutazama jirani wa karibu.

Haikuwa hivyo siku zote. Kiingereza cha kale, kile cha kabla na karibu na uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kilikuwa na jinsi tatu za nomino na miishio iliyobadilika kwa vivumishi, kiasi kwamba sifa ingeweza kuonyesha mwenyewe kwa umbo lake. Miishio hiyo ilififia na kuanguka katika karne zilizofuata. Kazi iliyokuwa ikifanywa nayo ikahamia kwenye mpangilio wa maneno. Ndiyo maana leo, kwa mwandishi wa Kiingereza, swali la "neno hili nalo niliweke wapi?" ni zito kuliko linavyoonekana kwetu.

Basi jaribu hili. Sentensi yako ya Kiingereza ikikutia shaka, itafsiri kimoyomoyo. Mathalani: "Covered in dust, the librarian found the book." Kwa Kiswahili utaanza vizuri, "Mkutubi alikikuta kitabu...", halafu utakwama. Akiwa amejaa vumbi, au kikiwa kimejaa vumbi? Kiswahili hakikuruhusu kuendelea bila kuchagua kati ya "a-" na "ki-". Hapo hapo ulipokwama ndipo penye kosa. Kama ni kitabu, basi kifafanuzi kihamie kwake: "The librarian found the book covered in dust." Kama ni mkutubi mwenyewe, mathalani alikuwa ametoka kufagia ghala, iache kama ilivyo, maana kwa Kiingereza tayari imempa mkutubi lile vumbi. Ona kwamba hukuhitaji jina la kosa. Ulihitaji kujua mwenye vumbi ni nani.

Jaribio hili lina nguvu zaidi kwenye kile kineno kidogo "with", ambacho kwetu kina tafsiri kadhaa zisizoingiliana. "The guard hit the man with the stick." Mlinzi alimpiga mtu kwa fimbo, au alimpiga mtu mwenye fimbo? "Kwa" humpa mlinzi ile fimbo. "Mwenye" humpa yule mwingine. Katika taarifa ya tukio hiyo ni tofauti kubwa mno: kwa usomaji mmoja mtu asiye na kitu amepigwa fimbo, kwa mwingine aliyepigwa ndiye alikuwa ameishika. Ukiona tafsiri yako inasitasita kati ya "kwa" na "mwenye", usiiamini "with" peke yake. Andika "used a stick to hit the man", au "hit the man who was holding the stick". Inakuwa ndefu kidogo. Na iwe ndefu.

Haina maana kwamba Kiswahili ni kinga. Chombo chetu hushindwa pale ambapo wawili wanaogombea kifafanuzi wako ngeli moja, na kwa bahati mbaya watu wote wako ngeli moja. "Mke wa rafiki yangu aliyefariki": nani amefariki? "Mama alimkuta mtoto akiwa amechoka sana": mama au mtoto? Waliosoma Kiswahili sekondari watakumbuka somo la utata katika tungo, na mifano kama hii ndiyo iliyojaa pale. Kwa hiyo ukiwa na watu wawili katika sentensi ya Kiingereza usijiamini hata kama tafsiri imepita bila kukwama. Taja jina upya ikibidi.

Tena kuna vile vitenzi vya "ku-". Ukiandika "Baada ya kuingia chumbani, taa zilizimika", umetenda kosa lilelile la barua ya kazi, ila kwa Kiswahili, kwa sababu "kuingia" nayo haina mtu. Taa ndizo zilizoingia. "Nilipoingia chumbani" huponya yote. Nimekuwa nikiona muundo huu ukiongezeka katika maandishi ya Kiswahili ya ofisini na ya habari, na naamini unatoka kwenye tafsiri za haraka za Kiingereza. Anayejifunza kuunasa upande mmoja atauona na upande wa pili.

Kipo na kielezi kinachosimama njia panda, kikitazama kushoto na kulia kwa wakati mmoja. "Students who practise often improve." Wanaofanya mazoezi mara nyingi, au mara nyingi hupata maendeleo? Itafsiri, "Wanafunzi wanaofanya mazoezi mara nyingi huendelea", na utata unavuka nawe mzimamzima. Na mkato hauwezi kukuokoa hapa, kwa kuwa Kiingereza sanifu hakiruhusu mkato mmoja kati ya kiima na kitenzi chake. Hamisha kielezi tu: "Students who often practise improve", au "Students who practise will often improve".

Wapo watakaosema huu ni ukereketwa wa sarufi, kwamba msomaji huelewa kwa muktadha. Mara nyingi huelewa kweli. Lakini tazama sheria ya Marekani ya mwaka 1991 inayowalinda watumiaji wa simu. Inazungumzia mitambo yenye uwezo wa "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator", yaani kuhifadhi au kuzalisha namba za kupigiwa, kwa kutumia kifaa cha kutoa namba kiholela au kwa mfuatano. Hayo maneno ya mwisho, "using a random or sequential number generator", ni ya "produce" peke yake, au na ya "store" pia? Kama ni ya "produce" tu, basi mtambo wowote unaohifadhi namba na kuzipigia unabanwa na sheria. Kama ni ya yote mawili, mitambo mingi inaachiwa. Sheria hiyo inaruhusu mlalamikaji kudai dola 500 kwa kila kosa, na kiasi hicho kinaweza kufika hadi dola 1,500 iwapo limefanywa kwa makusudi, kwa hiyo si mjadala wa walimu. Mahakama za rufaa za nchi hiyo ziligawanyika. Mwaka 2021 shauri lililoihusu Facebook likafika Mahakama ya Juu, na Jaji Sonia Sotomayor akaandika kwamba kifafanuzi kinavihusu vitenzi vyote viwili. Facebook ikashinda. Jaji huyohuyo, mwaka 2016, katika shauri la Lockhart, alikuwa ameandika uamuzi uliosema kwamba maneno yaliyo mwisho wa orodha ya makosa matatu yanalihusu kosa la mwisho tu, huku majaji wawili wakipinga. Simlaumu, kwa kuwa sentensi mbili hizo hazifanani kwa umbo. Ninachokiona ni kwamba watunga sheria wangeweza kuyasogeza maneno saba na kuwaondolea watu miaka ya kubishana.

Kuhusu "only" nina msimamo laini kuliko wengi. Sisi tuna "tu", nayo hukaa mara tu baada ya kile inachokiwekea mpaka: nilimwazima yeye tu, nilimwazima kitabu tu. Waingereza kwa mazoea huiweka "only" kabla ya kitenzi, hata inapokihusu kitu cha mbali, na sauti ndiyo inayosahihisha. "I only have two" ni Kiingereza safi. Anayekigeuza kuwa "I have only two" katika maongezi anajisumbua. Kwenye mkataba ni habari nyingine. "The tenant may only park one car on weekends": mpangaji anabanwa idadi ya magari, au siku za kuegesha? Karatasi haina sauti. Iandikwe "On weekends the tenant may park only one car" au "The tenant may park one car, on weekends only", kulingana na walichokubaliana.

"Almost" nayo haina huruma hata kidogo. "She almost failed all her exams" ni nusura afeli yote. "She failed almost all her exams" ni kwamba amefeli karibu yote. Ukiona unahitaji "nusura", "almost" ikae kabla ya kitenzi; ukihitaji "karibu", ikae kabla ya "all".

Na yapo ya kuachwa. "Considering the weather, the match went well" haina kiima cha kuazima, lakini haina kosa. "Considering", "regarding", "given" na "generally speaking" yamezoeleka kiasi kwamba yanafanya kazi kama viunganishi na vihusishi, sawa na "kuhusu" yetu, ambayo nayo ilianzia kwenye kitenzi na hakuna anayeiuliza mtendaji wake. Anayeyawinda haya hajui anachokitafuta.

Mahali ninaposhindana na wenzangu ni kwenye ripoti za sayansi: "Using a microscope, the cells were counted." Wengi huitetea kwa kuwa imeenea, na kwa kuwa kila mtu anajua seli hazishiki hadubini. Mimi bado ningeibadilisha. Kauli ya kutendwa imemficha aliyehesabu, kisha kifafanuzi kinamtafuta na kumkosa. Katika maelezo ya mbinu za utafiti, aliyefanya na alichotumia ndiyo habari yenyewe. "We counted the cells under a microscope" ni fupi zaidi. Na kama jarida halitaki "we", "The cells were counted under a microscope" inatosha, maana hapo hadubini imekaa baada ya kitenzi na inaeleza kuhesabu kulifanyikaje, bila kumdai mtu yeyote.