Nani Aliyeupima Uwezekano Huu?

Inanikera kuona kauli aliyoitoa Elon Musk mwaka 2016, kwamba uwezekano wa sisi kuishi katika ulimwengu halisi, si ulioigwa kwa kompyuta, ni mmoja kati ya mabilioni, ikiendelea kusambazwa kwenye simu zetu kana kwamba kuna mtu aliyeketi akaupima. Hakuna aliyeupima. Hoja yenyewe, aliyoiandika mwanafalsafa Nick Bostrom mwaka 2003, inatoa njia tatu: ama viumbe kama sisi huangamia kabla ya kupata uwezo wa kuiga ulimwengu kwa kompyuta, ama wanaoupata hawajishughulishi kuwaiga mababu zao, ama sisi wenyewe karibu hakika ni wa kuigwa. Anayeibeba ya tatu na kuzitupa mbili anawapotosha watu.

Ugomvi wangu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye msingi wa hoja, yaani dhana kwamba mashine yenye nguvu ya kutosha inaweza kuzalisha fahamu. Katika jaribio la kuiga ulimwengu ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, kompyuta kuu iliyoko Garching, Ujerumani, ilifanya kazi kwa takribani mwezi mzima ikifuatilia chembe zaidi ya bilioni 10 ndani ya mchemraba wa anga ambao kila upande wake ulizidi miaka ya nuru bilioni 2, yaani umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka bilioni 2. Ni kazi ninayoistahi sana, kwa kuwa utando wa galaksi uliojitokeza humo unafanana na ule unaoonekana angani. Lakini kila chembe iliwakilisha maada yenye uzito wa takribani majua bilioni moja, kwa hiyo humo hamna jua, hamna sayari, wala mama anayekesha na mtoto mwenye homa. Kutoka hapo hadi kwa mtu anayeumwa na jino na kujua kwamba linamuuma kuna pengo ambalo kasi ya mashine peke yake haituonyeshi namna ya kulivuka, ilhali hata fahamu inavyotokea katika ubongo wetu bado haijaelezwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba swali lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 2012 wanafizikia Beane, Davoudi na Savage walipendekeza dalili za ulimwengu kuigwa zitafutwe katika miale ya anga za juu yenye nishati kubwa mno, na hilo angalau linapimika.

Nisichokubali ni kuitumia dhana hii kudharau maumivu ya watu. Mwanafalsafa David Chalmers, anayeipa uzito kuliko mimi, anashikilia kwamba vilivyomo katika ulimwengu wa kuigwa vingekuwa halisi. Basi anayemwambia mfiwa kwamba msiba wake ni programu tu hana hata falsafa ya kujifichia.