Wanachama 13 Chini ya Meza

Mama mmoja muuza omena wa Kibuye aliingia saibani kwetu, duka la kompyuta la Kondele, Kisumu, na daftari lililonuka ziwa zima. Alitaka kuchapa orodha ya chama chake: wanachama 32, na mchango wa kila mmoja. Nikajitolea kumchapia, akakataa. "Acha, nyathina, mwanangu. Nataka mkono wangu ujue."

Nikabofya mara mbili ikoni ya Word iliyo kwenye skrini, nikamfungulia ukurasa mtupu. Kumfundisha kusevu nikasahau. Hilo tutalirudia.

Karibu saa nzima baadaye nikasikia, "Yawa! Wamekimbia!"

Kumbe alichapa majina na pesa zote bila vistari, akiviacha viwe vya mwisho. Alipomaliza akatafuta kistari cha kutenganisha jina na pesa, akakiona kimoja safi kabisa pembeni juu kulia, jirani na kimraba na X. Akakibofya. Ukurasa ukazama. Akarudi kwenye ikoni ile ile niliyotumia, akapata ukurasa mtupu, akachapa "MAJINA", akataka kistari kabla ya "PESA". Ukazama tena. Mara nane.

"Hakuna kilichopotea, mama," nikamwambia kwa sauti ya fundi. "Umesukuma gorogoro, lile kopo la kupimia, chini ya meza tu. Ona mkanda huu wa chini: ile W ina mstari mdogo chini yake, maana yake kuna kitu kimefunguliwa. Bofya hiyo. Ile ya kwenye skrini kazi yake ni kukuletea ukurasa mpya kila mara." Nikamwonyesha na njia ya kibodi: shika Alt usiachilie, gusa Tab, madirisha yajipange, ukifika kwenye lako, achilia. Akafurahi sana. Kistari chenyewe nikamwonyesha kiko kando ya sifuri.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini madirisha tisa yaliniwasha. Nikaweka mausi juu ya ile W. Kwa kawaida hutokea vipicha vya kila dirisha, ila skrini yetu ni ndogo na madirisha yakizidi inakuletea majina matupu: Document1, Document2, hadi Document9, kila moja na X yake. Nikaanza kufunga. Ukurasa usioguswa hujifunga kimya. Wenye maandishi huuliza kama unataka kusevu. Yote yaliuliza, kwa sababu yote yalikuwa na maandishi, mengi lile neno "MAJINA" tu. Mteja wa fotokopi akaniita, nikageuza shingo huku kidole kikiendelea kukataa, kukataa, kukataa. Mara tisa. Document1 ndiyo iliyokuwa na watu 32.

Jasho likanitoka. Nikafungua Word upya, nikaingia File, Info, Manage Document, mahali pa kuokoa kazi zisizoseviwa. Word hujiwekea nakala kila dakika 10 isipokuwa ukibadilisha, na mwenye saiba alishaibadilisha iwe kila dakika 30 ati mashine inaganda. Nakala ya mwisho ilikuwa ya nusu saa ya kwanza. Majina 19.

Mama akayahesabu kwa kidole kwenye kioo, taratibu, akiacha alama ya mafuta kwa kila mtu.

"Na hawa 13?"

"Mama, hao..."

"Nyamaza, najua." Akavuta kibodi, akashika Alt, akagusa Tab. "Si umesema hakuna kinachopotea? Wako chini ya meza."

Nikanyoosha mkono nichukue daftari nianze kuchapa, akalikalia. Akagusa tena Tab, akaachilia. Ikatokea orodha yetu ya bei za fotokopi. Akajaribu tena.