Kumi ni badhirifu? Inategemea nani analipa

Mjadala wa mifumo ya hesabu, yaani tuandike nambari kwa alama ngapi (kumi ni 0 hadi 9, tatu ni 0 hadi 2, mbili ni 0 na 1), ukizuka, tatu hutawazwa na kumi huitwa badhirifu, kwa kanuni inayopima ni mfumo upi unaoandika nambari nyingi zaidi kwa gharama ile ile. Hesabu yenyewe haina kasoro. Chukua ubao wa bei wa kituo cha mafuta pale Ngara, wenye vibao 30 vya tarakimu, kila nafasi ikihitaji kibao kimoja cha kila alama. Kwa hesabu ya kumi vinatosha nafasi tatu: bei 1,000 tofauti. Kwa mbili, nafasi 15 na bei 32,768. Kwa tatu, nafasi 10 na bei 59,049! Wasovieti hawakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1958 Nikolay Brusentsov na wenzake katika Chuo Kikuu cha Moscow waliunda Setun, kompyuta ya hesabu ya tatu, nayo ikafanya kazi.

Lakini kanuni hiyo inatoza nini hasa? Inazidisha idadi ya alama kwa idadi ya nafasi, kana kwamba kuijua alama ya saba ni gharama sawa na kuongeza nafasi nyingine. Kwa vibao vya plastiki, haya. Kwa kichwa cha mtu, sivyo. Alama kumi tulizilipia darasa la kwanza, deni likaisha. Tunachokilipa kila siku ni urefu. Nambari ya simu, ukiondoa sifuri ya mbele, ina tarakimu tisa. Kwa tatu zingefika 19. Kwa mbili, 30. Sasa mwambie makanga akutajie tarakimu 30, muziki umepamba moto, ili umtumie nauli. Ukiteleza kwenye ya kumi na nane, pesa zimemwendea mtu wa Lodwar.

Kompyuta zilichagua mbili kwa sababu ni rahisi kutofautisha umeme upo na umeme haupo, si kwa ajili ya kanuni hiyo. Na wanaoziandikia programu, wakitaka kusoma yaliyomo, hukusanya tarakimu za mbili nne nne na kuziandika kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo kwa kanuni ile ile ni badhirifu kuliko kumi! Hilo wanaoitetea tatu hulipita kimya.

Lawama ninayoikubali dhidi ya kumi inatoka kwa dazeni. Kumi na mbili hutoa nusu, theluthi na robo bila masalio. Kumi hukwama kwenye theluthi: chama cha watu watatu kikigawana shilingi 1,000, kila mmoja huchukua 333, na moja inabaki mezani ikitazamwa.