Kucheka na dereva wa Kusini

Kila inapotajwa The General, filamu bubu ya Buster Keaton ya mwaka 1926, ubishi huwa uleule. Kuna wanaosema Hollywood haijawahi kutoa kichekesho cha vituko kuizidi hii, basi tucheke. Na kuna wanaouliza: unachekaje, tena wewe Mwafrika, na shujaa wa Kusini ya Marekani, upande ulioingia vitani ili utumwa udumu? Wanaolijibu swali hilo kwa "ah, ni komedi tu" hawalitendei haki.

Maana kisa chenyewe kimepinduliwa. Aprili 12, 1862, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, kikosi cha Kaskazini kikiongozwa na James Andrews kiliiba kichwa cha treni kiitwacho General huko Big Shanty, Georgia, abiria na wafanyakazi wakiwa wameshuka kupata kifungua kinywa. Kilielekea Chattanooga kikiharibu reli na kukata nyaya za telegrafu. Walikamatwa. Andrews na wenzake saba walinyongwa, na wapo waliosalimika ambao walikuwa wanajeshi wa kwanza kabisa kuvishwa Nishani ya Heshima ya Marekani. Mmoja wa waliosalimika, William Pittenger, aliandika kitabu. Keaton akakichukua, dereva wa Kusini akawa shujaa, wale walionyongwa wakawa wezi. Alieleza kwamba watazamaji wasingekubali Wakusini wafanywe wabaya. Yaani hesabu ya tiketi. Katika Georgia hiyohiyo, sensa ya 1860 iliwakuta watumwa zaidi ya 460,000, zaidi ya wanne katika kila watu kumi. Filamu inafanya kana kwamba hawakuwepo.

Hayo yote nayakubali. Ninapoachana na wapingaji ni pale wanaposema kwamba aliyecheka ameshaunga mkono. Kwanza tuangalie kinachochekesha ni kitu gani.

Johnnie Gray anakwenda kujiandikisha jeshini kwa sababu ya mchumba wake, Annabelle. Jeshi linamkataa, kwani dereva ana faida zaidi akiwa kwenye treni yake, ila hakuna anayejisumbua kumweleza. Treni inapoibwa, anaikimbiza kwa sababu ni yake. Kuna mahali amekaa mbele kabisa ya treni ya kukimbizia, juu ya ile fremu ya chuma, amekumbatia taruma zito ambalo maadui wamelitupa njiani. Mbele kuna jingine, limelala juu ya reli. Kushuka hawezi, na mikono imejaa. Anaangusha alilonalo kwenye ncha ya lile la pili, yote mawili yanaruka pembeni, treni inapita. Uso wake hautikisiki. Taruma ni la kweli, treni ni ya kweli, na akikosea sekunde moja ni yeye anayekwenda chini ya magurudumu. Kicheko hicho ni cha jeshi gani?

Baadaye kidogo anakata kuni za kulishia moto wa treni. Nyuma yake jeshi la Kusini linarudi kinyumenyume, kisha la Kaskazini linasonga mbele, maelfu ya watu na farasi. Yeye ameinamia shoka. Vita vinampita mgongoni!

Na bendera? Kwenye mapigano mshika bendera anaanguka, Johnnie anaidaka, anapanda juu ya kitu anachodhani ni mwamba na kusimama kifua mbele kama sanamu ya uwanjani. Mwamba ule ni mgongo wa ofisa aliyeinama. Ofisa anainuka, shujaa anapiga mwereka na bendera yake. Mtu aliyetaka kuitukuza Kusini asingeiacha picha hiyo kwenye filamu yake.

Halafu kuna lile daraja. Kamanda wa Kaskazini anatazama daraja linaloungua, anaamuru treni ivuke, halijaungua kiasi hicho. Treni inafika katikati, daraja linakatika, chuma chote kinatumbukia mtoni. Picha hiyo ilipigwa mara moja tu, Mto Row, jimbo la Oregon, kwa gharama ambayo hutajwa kuwa dola 42,000, na husemwa kwamba hakuna picha moja ya enzi ya filamu bubu iliyogharimu zaidi. Nimeifikiria sana hela hiyo. Dola 42,000 za wakati ule ili tuone nini? Uso wa mkubwa ambaye amri yake imeua watu, na maofisa waliomzunguka hawana la kusema. Kichwa hicho cha treni kilibaki mtoni hadi Vita vya Pili vya Dunia, chuma kilipotafutwa kwa udi na uvumba, ndipo kikatolewa.

Malalamiko ya wakati wake hayakuhusu utumwa hata kidogo. Robert Sherwood wa jarida la Life alisema ni vigumu kupata kicheko kwa kuona watu wakiuawa vitani. Hapo alikuwa na hoja: wapiga mizinga wanadunguliwa mmoja baada ya mwingine pembeni ya Johnnie, naye anawashangaa tu. Hata mimi hapo kicheko hunikauka.

Ningekuwa na kijana wa kumwonyesha filamu hii, ningemwonyesha, mizinga na yote. Ila kabla ya kuiwasha ningemsimulia habari za Andrews na wale saba, na za watu 460,000 ambao hatawaona.